Bega likiganda: ujue kwanza ule mfuko wa kiungo, ndo uanze kuvuta mkono

Watu wengi wanaokuja kwangu na bega wanafika wakiwa wameshachuliwa. Kachuliwa na mama mkwe, kapakwa mafuta ya karafuu, kawekewa maji moto kisha barafu kisha maji moto tena, na mmoja alikuja mkono umefungwa na khanga shingoni miezi mitatu kwa sababu jirani kamwambia aupumzishe. Mi ni mtu wa fizio, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi na mikono, wagonjwa wananiita dokta, nishakataa nimechoka. Na katika kazi yangu hakuna ugonjwa unaonifanya niongee kuliko nitumie mikono kama bega lililoganda, maana hapa mgonjwa akielewa kitu kimoja tu, ule mfuko unaozunguka kiungo, maswali yake karibu yote anajijibu mwenyewe: kwa nini mkono hauendi, kwa nini nikivutwa kwa nguvu nazidi, kwa nini wengine wanapona ndani ya mwaka na mi bado. Asipouelewa atafanya mazoezi ya kwenye simu wiki mbili, ataumia, ataacha.

Kwa hiyo vumilia hapo mwanzo, mazoezi yapo chini.

Hatua ya 1: lijue bega lilivyojengwa

Bega siyo kama nyonga. Kwenye nyonga kichwa cha mfupa kimezama ndani ya shimo kama yai ndani ya kikombe. Kwenye bega kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, cha mviringo, na pale kinapokaa kwenye kombe la bega, ule mfupa bapa wa mgongoni, ni kisahani kidogo kisicho na kina, ambacho kwa wakati mmoja kinagusa robo mpaka theluthi tu ya kile kichwa. Yaani ni chungwa limekaa juu ya kisosi. Kisosi kimezungushiwa ukingo wa gegedu kuongeza kina, sawa, lakini bado ni chungwa juu ya kisosi, tena kisosi chenyewe kimesimama wima, hakijalala.

Sasa nani analizuia chungwa lisidondoke? Kuna misuli minne midogo inayotoka kwenye kombe na kukumbatia kichwa cha mfupa mbele, juu na nyuma, na chini ya kano za misuli hiyo kuna mfuko, madaktari wanauita kapsuli. Uone kama mkono wa shati uliofumwa kwa nyuzi ngumu. Upande mmoja umeshonwa kuzunguka ukingo wa kisosi, upande wa pili umeshonwa kuzunguka shingo ya mfupa wa mkono, na ndani umetandikwa utando laini unaotoa ute wa kulainisha kiungo. Kano za ile misuli minne hazipiti tu juu yake, zinaungana nao kabisa, ukichana kwa kisu huoni vizuri kano inaishia wapi na mfuko unaanzia wapi.

Mfuko huu umeachwa mlegevu makusudi. Vitabu vya anatomia vinasema ukiondoa misuli yote ukabakiza mfuko peke yake unaweza kuitenganisha ile mifupa miwili zaidi ya sentimita 2 bila kuchana kitu. Na chini, upande wa kwapa, kuna kitambaa cha ziada kinachoning'inia kama pochi mkono ukiwa chini, ukiinua mkono ile pochi inakunjuka na kunyooka. Waliowahi kuvaa kanzu iliyoshonwa na fundi anayejua kazi watanielewa haraka, kile kipande cha kikwapa anachokiweka chini ya mkono ndo kinakuwezesha kuinua mikono bila kanzu nzima kupanda juu. Bila kikwapa unaweza kuvaa, unapendeza kwenye picha, ila kuchukua kitu juu ya kabati huwezi. Bega lililoganda ni kanzu iliyosinyaa kwenye maji moto, na imeanza kusinyaa kwenye kikwapa na kifuani.

Kitu kingine, mfuko siyo mnene sawasawa kila mahali. Mbele una mikanda mitatu iliyokazwa zaidi, na juu kuna ligamenti moja, yaani mkanda mgumu wa kufungia mifupa, inayotoka kwenye kile kinundu cha mfupa chenye umbo la mdomo wa kunguru, unaweza kukibonyeza wewe mwenyewe chini kidogo ya mtulinga, karibu na bega, kinauma kidogo hata kwa mtu asiye na ugonjwa. Ligamenti hiyo inafunika pengo kati ya misuli ya juu na misuli ya mbele. Shika hapo, hiyo kona ya mbele juu, tutairudia.

Na ujazo. Bega lisilo na ugonjwa ukilijaza maji kwa sindano linapokea kama mililita 15 mpaka 30, yaani kijiko kimoja au viwili vya chakula. Lililoganda linapokea 5 mpaka 10, mara nyingine hata 5 hazifiki. Kijiko cha chai! Mkono mzima unataka kuzunguka ndani ya kijiko cha chai.

Hatua ya 2: elewa nini kimetokea humo ndani

Kinaanza kama moto. Ule utando wa ndani unavimba, unakuwa mwekundu, mishipa midogo ya damu na ya fahamu inaota mahali ambapo haikuwa mingi, na hapo ndo maumivu yanakuwa ya kukuamsha saa 8 usiku. Baadaye zinakuja chembe za kutengeneza kovu, zinamwaga kolajeni, nyuzi ngumu za kovu, kwenye ukuta wa mfuko, ukuta unanenepa, na baadhi ya chembe hizo zina tabia ya kujikunja kama msuli, zinauvuta mfuko uwe mdogo. Kovu ambalo hakuna aliyekukata. Ni jambo lile lile linalotokea kwa wale ambao kidole cha pete kinajikunja kuelekea kiganjani hakinyooki tena, na kweli kuna watu wana yote mawili.

Kovu linapenda kuanzia ile kona ya mbele juu, kwenye ligamenti ya mdomo wa kunguru. Ligamenti hiyo ndo inayoachia mkono ugeuke kuelekea nje. Ikikaza, kugeuza mkono nje kunakufa kwanza, kabla ya vingine vyote. Halafu pochi ya kwapani inasinyaa, kuinua mkono pembeni kunakufa. Kupeleka mkono mgongoni nako. Misuli yako haina kosa, mifupa yako haina kosa, eksirei itatoka safi na utaambiwa huna kitu, urudi nyumbani na diklofenaki.

Jina la bega kuganda alilitoa Codman, daktari wa upasuaji wa Boston, mwaka 1934, na mwenyewe alikiri ni ugonjwa mgumu kuuelezea na mgumu kuutibu. Mwaka 1945 akaja daktari mwingine wa upasuaji, Neviaser, akafungua mabega na kuona mfuko mnene uliosinyaa umebana kichwa cha mfupa, akaufananisha na plasta iliyobandikwa kwenye ngozi, na ndo likaja jina la kitaalamu lenye maana ya mfuko uliogandamana. Tulipoanza kuingiza kamera ndani ya kiungo ikaonekana mara nyingi haujagandamana na mfupa, umesinyaa tu. Jina limebaki. Nalitaja kwa sababu wagonjwa wakisikia umegandamana wanadhani mtu mwenye nguvu aje aubandue, na hapo ndo mikasa inapoanzia.

Nani anapata? Kwa kawaida miaka 40 mpaka 60, wanawake kuliko wanaume. Katika watu wote makadirio ni 2 mpaka 5 kwa kila 100, lakini kwa wenye kisukari inapanda, makadirio mengi yanasema 10 mpaka 20 kwa kila 100, na kwao linachelewa zaidi kuachia. Wenye matatizo ya tezi ya thairoidi nao wamo. Na wale ambao mkono ulikaa bila kutumika: baada ya kiharusi, baada ya kuvunjika mkono, baada ya operesheni ya titi. Wengine hakuna sababu yoyote, mtu kaamka tu. Kwa hiyo kama bega lako limeganda na hujawahi kupima sukari, kapime sukari wiki hii, mi nishaona zaidi ya mara moja bega ndo limemfichua mtu kisukari.

Hatua ya 3: jipime nyumbani, dakika mbili tu

Siyo kila bega bovu limeganda. Wengi wana kano iliyochanika au iliyovimba, na matibabu yake ni tofauti. Kipimo ni hiki, unahitaji mtu wa kukusaidia.

Kaa kwenye kiti. Kunja viwiko vyote viwili pembe ya digrii 90, vibane mbavuni, viganja vitazamane kama umeshika trei. Sasa fungua mikono nje kama unafungua pazia, viwiko visiondoke mbavuni. Mkono mzima utafunguka vizuri, wengi wanafika digrii 50, 60 au zaidi. Angalia ule mbovu umeishia wapi. Kisha, na hapa ndo penyewe, wewe legeza kabisa, mwenzio akushike karibu na kifundo cha mkono ausukume nje taratibu, bila nguvu. Ukienda mbele zaidi kwa kusukumwa kuliko ulivyoenda mwenyewe, mfuko uko wazi, tatizo lako labda ni msuli au kano. Ukigota pale pale ulipogotea mwenyewe, ukuta, basi mara nyingi ni mfuko.

Mama mmoja muuza maandazi, miaka 52, kisukari mwaka wa nane, bega la kushoto. Aliingia ameshikilia kiwiko kwa mkono wa kulia kama amebeba mtoto mchanga. Nikamwambia mama inua mkono, akainua! Mpaka karibu na usawa wa bega, binti yake akaniangalia kama kunisuta. Ila nilikuwa nimesimama nyuma yake na gauni lake lilikuwa wazi mgongoni, nikaona kombe lote linapanda, bega limefika sikioni kama mtu anayesema sijui. Mkono wa kawaida ukipanda digrii 180, kama 120 zinatoka kwenye kiungo chenyewe na 60 zinatoka kwenye kombe kuteleza mgongoni. Huyu mama alikuwa anakopa zote kwenye kombe. Nikaweka kiganja juu ya kombe lake nikalizuia, nikamwambia inua tena. Haukufika hata usawa wa titi. Halafu kile kipimo cha pazia, wa kulia ukafunguka vizuri, wa kushoto digrii 10 hivi, tap, nikasukuma kwa vidole viwili, pale pale. "Mwanangu hapo pana msumari," akasema.

Kwa hiyo ukijipima mwenzio akuangalie kwa nyuma, shati limevuliwa, usidanganywe na bega linalopanda.

Kabla hujaendelea, haya siyo ya kukaa nayo nyumbani: bega jekundu la moto na homa, umeanguka, umepigwa shoti ya umeme au umepata degedege la kifafa na toka hapo mkono umegoma kugeuka nje, maana bega lililochomoka kwa nyuma linagoma vile vile na watu wanalikosa, ni lazima eksirei ya pande mbili, mkono unakufa ganzi au unaishiwa nguvu, unapungua uzito bila sababu au uliwahi kuwa na saratani. Na bega la kushoto linalouma pamoja na kifua kubana, jasho na pumzi kukata siyo bega, huo ni moyo, nenda sasa hivi.

Hatua ya 4: jua uko awamu gani

Hii ndo hatua watu wanairuka, na ndo inayoamua ufanye nini.

Awamu ya kwanza ni ya maumivu. Mfuko unaungua na kuanza kusinyaa. Inauma usiku, inauma ukishtuka, mtu akikugonga kwenye daladala unaona nyota. Inaweza kwenda miezi 2 mpaka 9. Awamu ya pili maumivu ya kupumzika yanapungua, unalala, ila mkono umefungwa, huwezi kufunga sidiria, huwezi kutoa waleti mfuko wa nyuma, ukileta takbira mkono mmoja unafika sikioni mwingine unabaki kifuani. Hiyo miezi 4 mpaka 12. Ya tatu linaanza kuachia lenyewe, polepole mno, kwa wengine zaidi ya mwaka. Jumla mwaka mmoja mpaka mitatu, na kuna wanaobaki na upungufu kidogo usiowasumbua sana, siyo kweli kwamba kila mtu anarudi asilimia mia.

Njia rahisi ya kujua: ukipumzika mkono hivi hivi, unauma? Usiku unaamka? Kama ndiyo, uko ya kwanza, hata kama mkono nao umeshakaza. Kama unauma tu pale unapofika mwisho, uko ya pili.

Kwa nini nakazania. Mwaka wangu wa pili kazini, hospitali siitaji, nilipata mzee mmoja fundi cherehani yuko awamu ya kwanza kabisa, mi nikaona hapa ni kuvuta tu, nilikuwa na nguvu na nilikuwa na haraka. Nikamlaza, nikaubeba mkono, nikasukuma mpaka akatoa machozi, akasema ahsante dokta kwa sababu wazee wetu wana adabu hata ukiwaua. Wiki iliyofuata kaja hawezi hata kuushika mkasi. Nikasukuma tena! Wiki ya tatu hakuja. Nilikuja kuelewa baadaye, mfuko unaoungua ukiuchana unajibu kwa kuungua zaidi na kumwaga kovu zaidi. Kuna utafiti wa Uholanzi wa Diercks na Stevens, 2004, wagonjwa 77, kundi moja waliambiwa wafanye mazoezi ndani ya mpaka wa maumivu tu, kundi la pili walivutwa kupita maumivu. Baada ya miezi 24 waliofika kiwango kizuri cha bega ni 89 kwa 100 kwenye kundi la polepole, na 63 kwa 100 kwenye kundi la kuvutwa. Niliposoma nilimkumbuka fundi cherehani.

Hatua ya 5: hospitali, omba nini

Ukienda, omba upimwe sukari, ikiwezekana kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu, na eksirei ya bega kuondoa mengine. MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, kwa kawaida huhitaji, usiuze mbuzi.

Kama uko awamu ya kwanza, uliza kuhusu sindano ya steroidi, dawa ya kushusha uvimbe, ndani ya kiungo. Nasema ndani ya kiungo, siyo ile ya makalio ya zahanati. Inazima moto wa utando, inasaidia zaidi ikichomwa mapema, faida yake ni ya wiki kadhaa mpaka miezi michache, na hapo katikati ndo unapata nafasi ya kufanya mazoezi bila kulia. Mwenye kisukari amwambie daktari kabla, maana sukari inapanda siku kadhaa baada ya sindano, utapima mara nyingi zaidi na pengine dawa itarekebishwa. Paracetamol na ibuprofeni zinasaidia kulala, ila ibuprofeni na ndugu zake siyo za kumeza miezi sita mfululizo hasa kama una vidonda vya tumbo, presha au figo mbovu.

Hatua ya 6: panga kulala

Kulala chali bila kitu, kiwiko kinazama kwenye godoro na kichwa cha mfupa kinasukuma mbele, kwenye ile kona iliyovimba. Ndo msumari wa usiku. Kunja taulo au khanga mbili, weka chini ya mkono kuanzia kiwiko mpaka karibu na bega, kiganja kikae juu ya tumbo. Ukilala upande mzima, kumbatia mto mbele ili mkono mbovu usidondokee kifuani. Upande mbovu usilalie, najua umezoea.

Hatua ya 7: mazoezi

Sheria moja kwanza. Maumivu ya kukaza wakati wa zoezi ni sawa, yakiisha ndani ya dakika chache. Yakibaki mpaka jioni, au usiku ukalala vibaya kuliko jana, ulizidisha, kesho fanya nusu. Anza na joto, chupa ya maji moto imefungwa kitambaa, dakika 10. Mwenye kisukari ambaye ngozi yake ina ganzi apime joto kwa mkono mwingine, nimeona malengelenge ambayo mwenyewe hakuyasikia.

Awamu ya kwanza unafanya mawili tu. La kwanza ni kuning'iniza, hili nalo Codman ndo alilieneza. Inama, mkono mzima ushike meza, mbovu uuachie uning'inie kama ndoo kwenye kamba ya kisima. Usiuzungushe kwa misuli ya bega, yumbisha kiuno, mkono ufuate wenyewe, mbele nyuma, kushoto kulia, duara dogo. Dakika moja au mbili, mara tatu kwa siku. Uzito wa mkono unavuta kichwa cha mfupa kikae mbali kidogo na kisosi, mfuko unapumua. La pili kaa mbele ya meza, weka mikono yote juu ya kitambaa kinachoteleza, kisukume mbele huku mwili unainama, simama pale linapoanza kukaza, rudi. Mara 10. Basi, siyo zaidi. Mkono uendelee kutumika kwa kazi ndogo ndogo chini ya usawa wa kifua, kula, kuosha vyombo, kukoroga chai. Usiufunge shingoni.

Awamu ya pili ndo unaanza kuufungua mfuko, na unaanzia pale ulipoanza kukaza, kugeuza nje. Chukua mpini wa ufagio. Simama au lala chali, kiwiko kibovu kimebana taulo lililoviringishwa mbavuni, kiwiko kimekunjwa, shika mpini kwa mikono yote, kisha mkono mzima uusukume ule mbovu kuelekea nje. Mbovu usifanye kazi, ubebwe tu kama abiria. Ukikuta ukuta, usiupige, uegemee. Sekunde 20 mpaka 30, pumua, legeza, mara tano, asubuhi na jioni. Kolajeni inasikia kuvutwa kidogo kwa muda mrefu, haisikii kishindo. Taulo usilitupe, bila taulo kiwiko kinatoroka pembeni na unajidanganya umeendelea.

Halafu ukutani. Simama uso kwa ukuta, vidole viupande ukuta kama kaa, simama pale kombe linapoanza kupanda kuelekea sikioni, hapo ndo mwisho wako wa leo. Chora alama kwa chaki na tarehe. Wiki nzima usitegemee mabadiliko, angalia baada ya wiki mbili tatu. Kisha uvute mkono mbovu kupita kifuani kwa mkono mzima ukisaidia kiwiko, hilo linanyoosha mfuko wa kiungo upande wa nyuma.

La mgongoni liache la mwisho, maana ndo linalochokoza kuliko yote. Tupia khanga begani upande mzima, mkono mbovu uishike kwa nyuma kiunoni, mkono wa juu uvute taratibu. Kinamama wanalikimbilia mapema kwa sababu ya sidiria, nawaelewa, lakini kwa miezi hiyo ifungie mbele kisha izungushe. Na kwenye kuvaa, mkono mbovu uingie kwanza, kwenye kuvua utoke mwisho.

Kuongeza nguvu kwa kamba za mpira na chupa za maji kunakuja awamu ya tatu, mkono ukishafungua vya kutosha. Kabla ya hapo unaimarisha misuli ndani ya kanzu iliyobana.

Hatua ya 8: likigoma

Ukikaa miezi kadhaa na sindano, mazoezi na sukari iliyotulia bado hakuna kitu, kuna njia tatu. Kujaza kiungo maji ya chumvi pamoja na steroidi kwa sindano, mara nyingi kwa kuongozwa na altrasaundi, ili mfuko utanuke kwa ndani. Kulazwa usingizi kisha daktari akaugeuza mkono mpaka mfuko uachie, kuna hatari ya kuvunja mfupa hasa kwa mwenye mifupa dhaifu. Na upasuaji wa kamera wa kukata mfuko, ambao daktari anakwenda kwa adabu sana kule chini kwapani kwa sababu mshipa wa fahamu unaoendesha msuli mkubwa wa bega unapita hapo hapo chini ya pochi. Uingereza walifanya utafiti mkubwa uliotoka 2020 kwenye jarida la Lancet, wagonjwa 503, wakalinganisha kugeuzwa kwa usingizi, upasuaji wa kamera, na fizio ya mpangilio iliyoanza na sindano ya steroidi. Mwaka mmoja baadaye hakuna iliyozishinda nyingine kwa tofauti ya maana kwa mgonjwa. Kwa pesa ya mtu wa kwetu mi nasoma hivi: anza na ya bei nafuu, na uifanye kweli.

Na mtu yeyote, awe mchua mifupa au mwenye koti jeupe, akikwambia anakuvuta mara moja ukiwa macho na utapona leo, chukua pochi yako uondoke.

Bega lile lile likishapona ni nadra kuganda tena. La upande wa pili ndo la kuliangalia, kuna wanaopata ndani ya miaka michache, hasa wa kisukari, kwa hiyo kipimo cha pazia kifanye mara moja kwa mwezi kwa upande mzima ukiwa bafuni. Yule mama wa maandazi alichomwa sindano moja, sukari ikachukua miezi kushuka, akaning'iniza mkono kwenye meza ya kukandia unga kila alfajiri kabla ya wateja. Chaki zake zilikuwa kwenye ukuta wa jiko, zimeanzia usawa wa swichi ya taa. Mwezi wa 11 alinipigia simu usiku. Nikadhani limerudi. "Mwanangu, leo nimesuka nywele mwenyewe. Upande wa nyuma umekaa ovyo, ila nimesuka."